Viatu vya Baba

"Nikikuta viatu vya mwanamume mlangoni, nilikuwa napita," mfungwa alisema. "Nyumba yenye wanawake peke yao ndiyo niliyokuwa nikiirudia."

Mtafiti aliacha kuandika. Alikuwa amekuja gerezani kuwauliza wabakaji walivyokuwa wakichagua nyumba za kuingia, na mpaka hapo alikuwa amesikia mengi akajikaza. Sasa kalamu ilimponyoka, ikabingirika mezani mpaka kwa mfungwa. Yule bwana akairudisha taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Pole, dada," akasema.

Nyumbani kwao mtafiti, viatu vya baba, vyeusi, vilivyolika visigino upande mmoja, vilikaa mlangoni miaka na miaka baada ya mazishi. Kila asubuhi mama alivifuta vumbi. Watoto walimtania kwamba anamngoja marehemu arudi avivae, naye akacheka pamoja nao. Wao walijua ni mapenzi.

Mtafiti aliomba radhi, akatoka nje ya geti, akampigia simu mama yake.

"Mama, vile viatu vya baba, uliviweka mlangoni kwa nini?"

"Maswali gani hayo mchana huu? Umekula lakini?"

"Ulikuwa unaogopa watu wasije wakatuingilia?"

Redio ya mama ilisikika ikizungumza huko nyuma, kisha ikazimwa.

"Nilichelewa kuviweka, mwanangu," mama akasema. "Nyinyi mlikuwa mmelala."