Maharage ya Nakijwa

Siku hizi vali ya moyo hukuzwa kwa bakteria wa vinundu vya mizizi ya maharage, na mgonjwa hupewa ya shamba lake mwenyewe, baada ya ukoo wa bakteria hao kusomwa kwa vinasaba. Bi Kundaeli, ambaye vali yake ilikuwa imekakamaa kwa chokaa, alimtuma mkamwana wake ang'oe mizizi. Yule, kwa kupenda usafi, akaisugua kwa brashi hadi vinundu vyote vikatoka.

"Nilidhani ni ugonjwa, mama."

"Ugonjwa uko kichwani mwako."

Madaktari hawakuweza kungoja msimu mwingine. Wakampasua na kumwekea vali ya shamba la jirani, Nakijwa, ambaye Bi Kundaeli hakuwahi kunywa hata maji yake, maana jirani huyo hupika maharage bila kuchambua mawe. Na vali hushiba maharage ya kwao tu, maisha yote.

Leo Nakijwa kaleta bakuli. "Kula, dada. Nimeyachambua."

Bi Kundaeli akasonya, akageukia ukutani. "Yananuka moshi. Wape kuku."

Lakini kifuani moyo ulishaanza kurukaruka, kama mtoto aliyesikia hatua za mama yake mlangoni.