Parachichi la Mezani

Miaka hiyo parachichi likikatwa, kokwa hutaja ukoo wake tangu Meksiko hadi mtu aliyepanda mti, na mwenye nyumba humshukuru kwa jina ndipo watu wale. Basi mzee Ambakisye alizoea kulikata na kuliponda mwenyewe, kajifungia jikoni. Siku wakwe walipokuja, mmoja akamtania, "Mkwe, unajificha jikoni kama bibi harusi?"

Binti yake Subilaga akacheka, akachukua kisu, akalikata parachichi pale mezani.

"...na mti wangu ukapandwa Tukuyu na Tusajigwe," kokwa likamaliza.

Subilaga akageuka. "Baba, Tusajigwe si ndiye mama? Si ulisema ulimfukuza kwa uvivu, hakupanda hata mchicha?"

Mzee akainamia vitunguu na ndimu alivyotoa jikoni.

"Mshukuru, baba. Wageni wana njaa."

Akafungua kinywa mara tatu, na mara tatu akakifumba.