Simu ya Mtunza Stoo

Mtunza stoo alikuwa ametoka sasa hivi. Jumatatu alikuwa ametoka sasa hivi, Jumanne ametoka sasa hivi, na leo Ijumaa, Dada Kufuli alipofika stoo akihema, kiti kilikuwa kitupu. Dereva alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, anatafuna karanga.

"Mmepishana mlangoni," dereva alisema. "Huyo mtu hatulii, kama kuku anayetaka kutaga."

Dada Kufuli hakuwa dada wa mtu pale. Jina hilo walimbandika alipokuja na mfumo wake wa simu. Kabla yake, programu ya kampuni ya kuuzia rangi ilikuwa inarushwa kwenye kundi la kuchati kama video ya harusi. Kila muuzaji alikuwa na toleo lake na bei zake, na mmoja alipouza simu yake mtaani, washindani waliamka na majina ya wateja wote. Sasa programu zilikaa kwenye duka la ndani la kampuni. Simu isiyosajiliwa haipati kitu. Simu ikipotea, Dada Kufuli anabonyeza mara moja, kila cha kampuni kinafutika. Wenzake walinuna wiki nzima, maana hata mchezo wa karata aliuondoa.

Kazi ilibaki moja. Makao makuu walitaka kila aliye kwenye orodha ya mishahara awe na simu iliyosajiliwa, mwisho Ijumaa jioni. Wote walikuwa tayari isipokuwa mtunza stoo.

Na Dada Kufuli alikuwa na lake moyoni. Tangu aanze kazi, kila akimuuliza Bosi habari za barua ya ajira, anaambiwa ipo njiani. Mama yake alishawatangazia majirani na mashemeji kwamba binti ameajiriwa, na wanataka kuiona. Amechoka kudanganya kwamba ameisahau ofisini. Akitimiza asilimia mia, nani atamnyima?

Alikwenda kwa mhasibu, mama wa makamo asiyekosa la kusema. Alimkuta anatia mshahara wa Dada Kufuli kwenye bahasha kama kila mwezi, taslimu, mpaka hapo barua itakapotoka.

"Mama, huyu mtunza stoo nitampata wapi?"

"Mbona nimemwona asubuhi."

"Yukoje? Mimi sijawahi kumtia machoni."

Mhasibu alifikiri kidogo. "Mkali. Kazi anaijua, ila hashauriki. Akishikilia jambo lake, umekwisha." Akalamba bahasha, akaifunga. "Lakini tunampenda."

"Na simu yake mbona haipokelewi?"

"Mwache, mwanangu. Kuna watu ukiwatafuta sana unajitafutia balaa."

Hapo machale yakamcheza. Alirudi stoo mbio. Koti la kazi lililoning'inia nyuma ya kiti lilikuwa na vumbi la kuweza kuandikia jina. Ndani ya kikombe cha chai kulikuwa na utando wa buibui, na mwenyewe buibui yumo. Dereva alipomwona anakikagua kikombe, akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mfanyakazi hewa. Dada Kufuli alisisimka mpaka vidoleni. Kumbe ndiyo maana wamemzungusha wiki nzima kama mtoto mdogo. Kuna mtu humu ndani anakula mshahara wa mtu asiyekuwepo, wote wanamjua, na wanakaa naye wakicheka. Hasira zilimpanda, tena hasira tamu. Yeye anavunjika mgongo hana hata barua, halafu kuna mwingine analipwa bila hata kuwepo.

Hakuuliza mtu. Alikaa mezani kwake, akafungua mfumo, akaweka kidole gumba, akamfuta mtunza stoo. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Kwenye nafasi ya sababu akaandika kwamba hayupo na wala hajaonekana. Orodha ikaruka yenyewe hadi makao makuu, na jibu likarudi chai yake haijapoa: pongezi, tawi limetimiza asilimia mia.

Aliingia kwa Bosi kifua mbele, bila kubisha hodi.

"Bosi, nimemgundua anayekula mshahara wa mtunza stoo."

Bosi aliweka kalamu chini. "Umemgundua?"

"Jina bado. Ila mrija wake nimeshaukata. Nimemfuta kabisa."

"Mrudishe."

"Haiwezekani. Ndiyo raha ya mfumo wangu, hata mimi mwenyewe siwezi kumrudisha. Wanaweza makao makuu tu, na wao watatuma wakaguzi kwanza."

Bosi alifunga mlango, akarudi, akakaa, akasimama tena. Dada Kufuli akayaona yote hayo, akajumlisha. Kumbe mwizi ndiye huyu. Aliogopa, lakini maji alishayavulia nguo.

"Kama ni wewe, Bosi, sema tu," alisema. "Mimi nilichotaka ni barua yangu."

Bosi hakufoka. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko kelele.

"Mzee wa stoo alistaafu zamani," alisema polepole. "Na makao makuu walikataa katakata kutupa nafasi ya mtu wa kompyuta. Sasa wewe, mwanangu, miezi yote hii ulidhani tunakulipa kwa jina la nani?"