Baina ya Malango Mawili

Maji yaligoma kupanda.

Mashua ya abiria ilikuwa imeshaingia baina ya malango mawili ya chuma, la nyuma limefungwa na la mbele bado halijafunguliwa. Kwa kawaida hapo ndipo maji hufunguliwa, yakajaa taratibu na kuiinua mashua kutoka mfereji wa chini mpaka mfereji wa juu, penye majumba ya wenye nafasi zao. Leo yalifika nusu ya ukuta yakasimama.

"Pampu imekataa," alisema Otieno, nahodha. "Fundi ako njiani, anatoka Mawaleh. Tulieni tu."

Saeed atulie wapi! Wazee wake walikuwa wanakwenda kwa gari kumposea Rahila, na yeye, aliyecheleweshwa na kazi huko Maskati, ndiye aliyejitia ujuzi kwamba njia ya maji ni fupi. Kanzu yake mpya ilishaanza kumganda mgongoni.

Abiria mwenziwe alikuwa mzee mmoja mnene, kilemba cha hariri kichwani, ananukia udi, amepakata sinia la halwa kama aliyepakata mjukuu.

"Mzee wangu unashukia wapi?" Saeed alimuuliza, kupitisha wakati tu.

"Pale nyumba ya mlango wa kijani."

Saeed akageuka mzima mzima. Nyumba ile hajawahi kuiingia, lakini mlango wake anaujua hata usingizini.

"Kuna nini pale?"

"Posa!" Mzee akacheka mpaka sinia likatikisika. "Ya Rahila. Nimetoka Unguja kwa hilo tu. Nimeshuka ndege asubuhi, nikapitia halwa. Nna furaha, mwanangu, hata chai haikupita kooni."

Saeed akazitazama zile ndevu nyeupe na ile pete ya akiki. Umri wa babu yake!

"Kwani unamjua?" mzee aliuliza.

"Nafanya naye kazi."

"Ehee! Hebu nambie, binti yukoje?"

Angesema kweli, angesema kwamba Rahila huwagawia wafagiaji chakula chake kabla hajala, na kwamba akicheka, yeye Saeed husahau alichokuwa anakiandika. Lakini kweli kama hiyo humpi mshindani.

"Mkali," alisema. "Hasira zake pilipili."

"Mashaallah. Asiye na pilipili huonewa."

"Kupika hajui. Wali wake unautafuna kama kokoto."

"Hilo nimelisikia. Ndiyo maana nikabeba halwa."

Otieno aligeukia ukutani, mabega yakimcheza.

Fundi alikuwa ameshafika; chini maji yakanguruma. Mashua ikatikisika, ikaanza kupanda tena. Saeed aliona wakati unamponyoka. Lazima atoe neno la kummaliza mzee huyu.

"Na anakoroma," alimnong'oneza sikioni. "Kama jenereta."

Tabasamu la mzee likasimama njiani.

"Anakoroma?"

"Jirani hawalali."

Mzee alimtazama Saeed toka kofia mpaka makubadhi, kisha akawa anayaangalia maji. Saeed alijua ameshinda, ingawa moyo ulimsuta. Kila alilolisema lilikuwa la uongo, na alilisema juu ya mtu ampendaye kuliko wote.

Lango la mbele likafunguka. Gatini alisimama Rahila mwenyewe, kajitanda mtandio wa zambarau, anapunga mikono yote miwili. Saeed akainuka, uso umemchanua. Otieno hajamaliza kufunga kamba, Rahila alisharukia mashuani. Akampita Saeed, akamwinamia mzee, akaubusu mkono wake.

"Karibu nyumbani, baba! Wageni wa posa wameshafika, wote wamo ndani. Kasoro bwana harusi tu."

"Bwana harusi huyu hapa," alisema mzee, akimkamata Saeed mkono asije akakimbia. "Ananambia unakoroma."