Mabiringanya ya Kinyozi

Kinyozi alilamba kijiko cha mwisho. Mkewe akachukua sahani, akaitazama ilivyobaki nyeupe, akaingia nayo jikoni na kulia.

"Mwenzangu, mgonjwa kamaliza chakula, wewe unalia?" Jirani, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu. "Wenzio wanaomba wagonjwa wao wameze hata uji."

"Kamaliza yote. Hakubakiza hata ganda."

"Basi shukuru."

Hakushukuru. Ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi shemeji yake angekuja na gari.

Kiharusi kilimkuta Kinyozi kazini, mashine ikinguruma mkononi, kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu bado. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi. Maneno hayakurudi. Mtu aliyekuwa akikunyoa huku anakuhutubia, akikosoa serikali, mvua, na hata umbo la kichwa chako, sasa wiki ya saba alikaa dirishani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Ukimwambia simama, anasimama. Ukimvalisha shati kinyume, anakaa nalo hivyo hivyo mpaka jioni. Daktari alimpima koo na ulimi, akasema ni vizima. "Amejifungia ndani," alisema. "Sisi tumebisha hodi mpaka tumechoka."

Shemeji, mdogo wake Kinyozi, hakuwa mtu mbaya. Kaka mtu alipoondoka kwao, yeye alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo hawakupata kula sahani moja. Lakini damu ni damu.

"Shemeji, wewe uko peke yako, na watoto hamkujaliwa," alikuwa amemwambia Jumamosi iliyopita. "Kwangu watu wa kumtazama wapo. Nafasi ya wawili ndiyo sina. Nakupa wiki moja. Akitamka hata neno, nitajua bado yumo, nitakuachia. Asipotamka, namchukua."

Mke hakubishana. Alifunga khanga kiunoni, akaingia jikoni.

Jumatatu ile alikuwa amekata biringanya vipande vyembamba, akavitia chumvi vitoe maji, akavikausha kwa kitambaa na kuvikaanga. Jumanne akapika rosti, nyanya nyingi, vitunguu na binzari, mpaka mabiringanya yenyewe ukayatafuta. Jumatano akayaweka juu ya mkaa hadi ganda likawa jeusi na kupasuka, akayamenya, akayaponda na saumu na ndimu. Yote hayo alifundishwa na jirani, maana yeye katika ndoa yake hakuwahi kuyapika. Jirani alionja ile ya Jumatano mara tatu, ya nne akasema anahakikisha chumvi.

Kinyozi alikula. Kila siku alimaliza. Na kila siku mkewe alikaa mbele yake, macho kwenye mdomo wake, kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

"Lazima alikuwa anayapenda sana," jirani alisema.

"Mdomo wa yule naujua kuliko wangu," mke alijibu, akaendelea kusugua sufuria.

Alhamisi alikwenda kwa muuza mboga wa pale kona, akainama kwenye fungu.

"Bibi, miaka yote unapita hapa, biringanya hujawahi hata kulibonyeza," muuza mboga akamwambia. "Leo siku ya nne. Umeota au umeoteshwa?"

"Nimekwama tu, baba. Nipe yale makubwa, yaliyokomaa."

"Hayo yana mbegu, yatakuwa machungu. Chukua haya madogo."

"Nipe hayo hayo."

Hakuyatia chumvi yatoe uchungu. Hakutia saumu, wala nyanya. Kinyozi akala, akajifuta mdomo alipoambiwa ajifute. Ijumaa akayachemsha kwa maji matupu. Kinyozi akala hayo pia, mbegu moja ikambaki kidevuni, na mkewe akaitoa kwa kidole.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa tayari mlangoni, mashati mawili na kitana chake cha kazi. Jirani alikuja kuaga. Alichungulia sufuriani, akakuta biringanya zima, na kikonyo chake, linaelea limelegea kama tambara la deki.

"Mwenzangu, hili hata mbuzi angeuliza kwanza," alisema polepole. "Umekata tamaa."

"Mfa maji haachi kutapatapa."

Nje gari lilizimwa. Shemeji aliingia, akavua kofia, akaitazama sahani, kisha akatazama ukuta kwa aibu.

"Shemeji, usijisumbue. Nitamnunulia chakula njiani."

"Acha ale kwangu mara moja ya mwisho. Basi."

Akamwekea mumewe kijiko mkononi, akapiga magoti mbele yake. Kinyozi akachota. Akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, mara mbili, shemeji akishika tayari mkanda wa begi.

Kisha akaacha kutafuna.

Taya lilisimama. Uso ukajikunja, kwanza puani, halafu kwenye paji. Akakirudisha kijiko sahanini, akaisukuma sahani hadi ukingo wa meza, akamkazia mkewe macho ambayo wiki saba hayakuwa yamemkazia mtu.

"Bibie," akasema, ulimi mzito, sauti ikikwaruza. "Miaka thelathini na moja nakwambia. Mimi biringanya sili."

Mke akakaa chini sakafuni.

"Najua," akasema.