Vifungo kwenye Kikaangio

Nilirudi nyumbani saa sita mchana nikiwa nimeshaamua kumwambia baba kwamba naacha kazi ili nimtunze. Alikuwa fundi cherehani hodari, na sasa ulikuwa mwaka mzima tangu apofuke.

Mlangoni nilipokelewa na harufu ya kuku. Nikakimbilia jikoni, roho mkononi.

Baba alisimama mbele ya kile kikaangio cha umeme kinachoivisha kwa hewa moto, ambacho kaka alituletea na mimi sikuwahi kukigusa. Kuzunguka swichi ya kuzungusha dakika alikuwa amebandika vifungo vitatu vya shati kwa gundi. Vidole vyake, vyenye makovu ya sindano, vilipapasa kifungo hadi kifungo, vikipima muda uliobaki.

"Nani kakufundisha, baba?"

"Jirani alinisomea namba tu. Mengine ni ufundi," alisema akicheka. "Dakika ishirini, wala hakuna mafuta ya kunirukia."

Kengele ikalia. Akavuta droo kwa mpini wake, akainama kusikiliza nyama ikichachatika, akaichoma kwa uma. Mapaja mawili, ngozi imekauka na kung'aa.

"Hili lako lilikuwa la jioni. Mbona umewahi kurudi?"

Nilikula mpaka mfupa ukabaki mweupe.

"Kesho nikitoka kazini nitapitia sokoni," nikamwambia. "Nikuletee nini?"

"Samaki," alisema baba. "Kuku nimeshammudu."