Mgeni wa Siku Tisa

Tone. Tone. Kisha kimya.

Gizani mle stoo, mama yake Chiriku aliinua kichwa. Bomba la jikoni kwake lilikuwa na ujeuri wake: ulizungushe hadi mwisho, halafu ulinyanyue kidogo, ndipo lifunge. Katika miaka minne ya kukodisha, hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuligundua hilo. Huliacha likilia usiku kucha, naye hulala akiyahesabu matone. Huyu alilifunga tangu siku ya kwanza.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Ila stoo haikuwa na dirisha. Saa tatu ya asubuhi na saa tatu ya usiku humo ndani ni mamoja. Godoro moja, ndoo, na picha za familia zilizofungwa ndani ya shuka, maana wageni hawapendi kutazamwa ukutani na watu wasiowajua.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "nikohoe?"

"Koholea kwenye mto."

Mtoto wa miaka mitano, aliyepewa jina la ndege kwa kuwa mdomo wake haukai, sasa alikuwa anaomba ruhusa ya kukohoa.

Zamani haikuwa hivi. Mama alipoolewa hapa, wageni wa msimu wa joto walikodi chumba kimoja tu cha mbele. Mama mkwe wake, bibi yake Chiriku, aliwakalisha jikoni, akawagombeza kwa kuunguza mabega juani, akawatia visu mkononi wamsaidie kumenya viazi. Siku ya kuondoka walilia. Sasa wanataka nyumba nzima, na mwenyeji asionekane hata kivuli. Funguo hukaa kwenye kisanduku cha namba mlangoni. Mengine yote hupitia kwa wakala, kwenye simu. Wageni waliopita walilalamika kwamba kuna mtoto analia nyuma ya ukuta.

"Lalamiko jingine moja tu," wakala alimwambia, "nyumba yenu inatoka kwenye orodha. Na mkikutana na mgeni kwa bahati mbaya, macho chini, sema wewe ni msafishaji."

Ikitoka kwenye orodha, mwakani Chiriku haanzi shule. Baba yake ni mpishi kwenye hoteli kubwa, na msimu mzima hulala hukohuko. Bibi walimpeleka kwa binti yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walimwambia wao watapanga chumba karibu na soko. Nani angethubutu kumtajia stoo? Akiwa kwenye ngazi ya basi aligeuka akasema, "Haya, nipelekeni mbali. Si ndiko wanakotoka wanaopewa nyumba?" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Simu ilitetemeka chini ya godoro. Wakala.

"Vipi dada, mgeni yuko sawa?"

"Nitajuaje? Aliingia na teksi jioni, sisi tumeshajifungia. Siku ya nne hii, ufukweni hajakanyaga. Hata taa hawashi."

"Kwa hiyo hujamwona."

"Namsikia tu." Akazidi kushusha sauti. "Kaka, ile ngazi moja ya kwenye korido, kila mgeni lazima ajikwae. Huyu anapita gizani kama paka."

"Umepata mgeni mwenye adabu, bado unanung'unika. Mtu mzima, yuko peke yake, siku tisa. Kabla ya kulipa aliuliza kitu kimoja tu: kile kitanda cha mbao bado kipo?"

"Alikionea wapi?"

"Kwenye picha, dada. Nyumba yako siku hizi inaonwa na dunia nzima."

Alipokata akampigia wifi yake, huko alikopelekwa bibi, angalau asikie sauti ya mtu wa nyumbani.

"Nipe mama nimsalimie."

"Amelala, wifi."

"Jana amelala, juzi amelala. Saa tatu hii?"

"Uzee huo," wifi akasema harakaharaka, kama mtu anayebana kicheko. "Akiamka nitamwambia."

Adhuhuri Chiriku alishikwa na kikohozi ambacho mto haukukiweza. Upande wa pili wa ukuta, nyayo zikasimama. Mama akamvuta mtoto kifuani, akamfunika na shuka, wote wawili wakavuta pumzi kidogokidogo kama watu waliokopeshwa hewa. Nyayo zilikaa palepale muda mrefu. Kisha zikaondoka, taratibu.

"Usitoke," akamwambia. "Nakuletea maji."

Tangi lilikuwa nyuma ya uzio, hatua ishirini tu. Aliporudi na kopo mkononi, mlango wa stoo ulikuwa wazi na godoro tupu. Na kutoka jikoni, jikoni kwake, Chiriku alikuwa anaongea. Si kwa kunong'ona. Alikuwa anamwaga maneno ya siku nne kwa mpigo: stoo, ndoo, panya, mto wa kukoholea.

Basi, imekwisha: orodha, shule, vyote. Akanyakua fagio lililoegemea ukuta, angalau afanane na neno alilofundishwa, akaingia. Macho chini. Aliona miguu ya kiti, maganda ya viazi sakafuni, na miguu midogo ya mwanawe ikining'inia kutoka mapajani mwa mtu.

"Samahani sana, mgeni wetu," akaiambia sakafu. "Mimi ni msafishaji tu. Nyumba hii wenyewe hawapo. Huyu mtoto amepotea njia."

Kisu kikawekwa mezani, polepole.

"Mama," Chiriku akasema, "mgeni ni bibi yangu."